Mlinzi Asiyejificha

Kazi ya kuhifadhi viumbe vya porini na vya baharini, ukiiondolea sare zake, magari yake na ripoti zake, hubaki kuwa kazi ya kutazama. Kwani hakuna awezaye kukilinda asichokijua, wala hakuna akijuaye kiumbe asichokikalia kitako akakiangalia kwa subira, usiku na mchana, masika na kiangazi, mpaka mwendo wake na mlio wake vikamkaa moyoni. Waajiri wanaotafuta watu wa kazi hii huuliza habari za elimu, nguvu za miguu, ustadi wa kuendesha mashua na leseni ya gari. Lakini aghalabu hawaulizi lililo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni iwapo mtu huyo, akishafika huko aendako, atakuwa na nafasi ya kuyatumia macho yake, au iwapo nusu ya macho hayo itakuwa imekwisha kushikwa na kazi nyingine ya siri, kazi isiyolipwa mshahara wala kuandikwa katika daftari lolote.

Nasema hivi kwa kuwa mimi ni mwanamume nimpendaye mwanamume, na kazi hii ya ulinzi nimeifanya katika hali mbili: kwanza nikijificha, kisha nikiwa dhahiri. Najua ya kuwa miongoni mwa watakaoisoma tafakari hii wamo ambao itikadi yao haiwaruhusu kuniafiki, nami sikuja kuwapokonya itikadi yao. Nimelelewa Tanga, katika nyumba iliyoamka kwa adhana, na watu hao nawajua vyema, kwa kuwa ndio walionipa jina na kunifunza adabu. Ninaloliomba kwao ni sikio kwa muda mchache, nizungumze habari ya kazi na ya utu wa mfanyakazi, mambo ambayo juu yake naamini twaweza kukaa baraza moja hata kama hatutakubaliana katika mengine.

Nilianza katika hifadhi moja ya bara, ambayo sitaitaja, kwani haikunikosea jambo ambalo hifadhi nyingine isingenikosea. Maisha ya doria huwaunganisha watu kuliko ofisi yoyote: hema moja, sufuria moja, dumu moja la maji la kugawana kwa kikombe, na usiku ukiingia, moto mmoja wa kuuzunguka. Kazini mjini mtu huweza kufunga kinywa chake kwa saa nane akaenda zake nyumbani kukifungua. Porini hakuna nyumbani, bali kuna wenzio, na mazungumzo ya wenzio ndiyo nyumba. Na sisi watu wa Afrika ya Mashariki salamu zetu haziishi kwa mtu mmoja, sharti ziwafikie na walio nyuma yake. Kila asubuhi, na kila niliporudi kutoka likizo, waliniuliza kwa mapenzi ya kweli, "Kaka, shemeji hajambo huko Tanga?" Nami nilijibu kuwa hajambo, anawasalimu.

Huyo shemeji wao alikuwa mwanamke ambaye hakupata kuzaliwa. Nilimwumba usiku mmoja kandokando ya moto ili niwe na jibu, na tangu usiku huo ikanilazimu kumlea: akaugua, akapona, akahamia Muheza kwa ajili ya kazi, wazazi wake wakataka mahari mazito, harusi ikaahirishwa kwa msiba wa shangazi yake, na kila nililolisema juu yake sharti nilikumbuke, maana mwenzangu mmoja mwenye moyo mwema alikuwa akimwombea dua. Kwa hiyo, tembo walipopita mbele yetu alfajiri, na wenzangu wakawatambua mmoja mmoja kwa pengo la sikio na kwa urefu wa pembe, mimi mara nyingi nilikuwa nimetazama upande huohuo na sikuona kitu, kwa kuwa fikira zangu zilikuwa Muheza, zikipanga nitajibu nini jioni.

Nataka ieleweke kwamba wenzangu hao hawakunitenda ubaya. Niliposhikwa na homa kali walinibeba mpaka barabarani, wakapokezana chini ya jua, na mmoja akanivua viatu akanisugua miguu akidhani nakufa. Lakini hapo ndipo ulipokuwa ukiwa wangu: mapenzi yao yote yalikuwa yakimwendea mtu mwingine, mchumba wa yule bibi wa Muheza, nami niliyapokea kwa niaba yake. Na nyuma ya moto wetu ilikuwapo sheria, iliyoachwa na serikali ya Kiingereza na kushikiliwa na serikali zetu, ambayo katika Tanzania yaweza kumfunga mtu wa namna yangu kifungo cha maisha. Mtu akiijua sheria hiyo, hata kicheko cha rafiki hukisikiliza mara mbili, apate kujua kama kimebeba shaka.

Yuko atakayeniuliza, na swali lake ni la haki: kwani kusema ni lazima? Mila yetu ya pwani imeijenga nyumba kwa ukuta mzito, ikaweka baraza nje kwa wageni na vyumba ndani kwa wenyewe, na mwenye murua hayatoi ya chumbani akayamwaga barazani. Mila hiyo naipenda, na sijawahi kutamani kuivunja. Walakini mwanamume aliyeoa haisitiri ndoa yake. Husema waziwazi kuwa mama watoto anamngoja, huitoa picha ya mkewe mfukoni, huomba ruhusa akijifungua, huleta sahani ya pilau iliyopikwa na mkono wake, na hakuna amwambiaye kuwa ametoa ya chumbani, kwa sababu hayo yote ni ya barazani. Nami sikuomba zaidi ya baraza. Ninachokiita kuwa dhahiri si kupiga mbiu, ni kuweza kujibu salamu bila ya kusema uongo.

Nilikuja kuipata nafasi hiyo katika nchi ileile iliyotuletea sheria, na jambo hili limenifikirisha sana. Uingereza haikuzaliwa na insafu hii. Katika Uingereza na Wales mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa jinai hadi mwaka 1967, na hata hapo yaliruhusiwa faraghani tu na kwa waliotimiza miaka 21; Scotland ilingoja mpaka mwaka 1980, na Ireland ya Kaskazini mpaka 1982. Kanuni ya kumzuia mwajiri asimfukuze wala kumnyima mtu kazi kwa sababu ya kupenda wa jinsia yake haikuanza kutumika mpaka Desemba ya mwaka 2003. Kwa maneno mengine, walinzi wa ndege na misitu ambao sasa ni wazee wa kazi, wale walionifundisha kushika kifaranga bila ya kumvunja bawa, waliingia kazini wakati ambapo ningeweza kuondolewa kwa neno moja la mkubwa.

Mwandishi E. M. Forster aliyaishi maisha hayo ya zamani kwa ukamilifu wake. Alikuwa mtu aliyependa wanaume, na baina ya mwaka 1913 na 1914 aliandika riwaya, *Maurice*, juu ya wanaume wawili wapendanao ambao mwishowe wanaiacha jamii yao na kujitokomeza msituni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwapokea. Msukumo wa kuiandika aliupata nyumbani kwa Edward Carpenter, mtu aliyeishi na mwenzi wake George Merrill katika kijiji cha Millthorpe, karibu na Sheffield, akilima bustani na kuhubiri maisha mepesi chini ya mbingu safi. Forster aliiweka riwaya hiyo kabatini miaka yote iliyobaki ya uhai wake. Akafa mwaka 1970, na kitabu kikachapwa mwaka uliofuata. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na msitu wake wa kweli, Piney Copse, alioununua kwa faida ya kitabu chake kuhusu Uhindi, na msitu huo akauacha kwa National Trust, shirika ambalo tangu mwaka 1895 limekuwa likihifadhi ardhi na majumba kwa ajili ya umma. Kila nifikiripo habari hii huona uchungu ndani yake: mtu aliwapa watu wote miti yake hadharani, na moyo wake hakuweza kuwapa mpaka alipokwisha kuzikwa. Msitu katika riwaya yake ni maficho ya waliofukuzwa. Mimi nilitaka msitu uwe mahali pa kazi.

Kazi niliyoipata haikuwa ya msitu bali ya kisiwa, kimoja katika vile visiwa vidogo vya magharibi ya Wales ambavyo wakati wa kuzaliana hufunikwa na ndege wa bahari. Sehemu hizo zina desturi ya kale ya kukaliwa na wenzi wawili. R. M. Lockley, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa mengi tuyajuayo juu ya ndege hawa, alihamia kisiwa cha Skokholm mwaka 1927, akaishi huko na mkewe Doris, na mwaka 1933 akaanzisha kituo cha kuwachunguza ndege, cha kwanza katika Uingereza. Hata leo, panapotakikana mlinzi wa kisiwa, mara nyingi huajiriwa watu wawili waliozoeana, kwa sababu nyumba ni ndogo, mashua haiji ila bahari ikiruhusu, na ugomvi wa watu wasiojuana hauna pa kukimbilia. Basi mtu wa namna yangu akisoma tangazo la kazi kama hiyo hujiuliza mara moja kama wenzi wanaofikiriwa na mwandishi wa tangazo waweza kuwa wanaume wawili.

Nilipokubaliwa, nilipewa fomu ya kujaza, nayo ilikuwa na mahali pa kuandika jamaa wa kuarifiwa pakitokea ajali. Kalamu yangu ilisita hapo kwa muda, kwani mkono una mazoea yake. Kisha nikaandika jina la mume wangu. Mkuu wa kisiwa, mwanamke wa Wales aliyekwisha kuota mvi na kuchakazwa ngozi na chumvi, aliisoma fomu ile mbele yangu, akanyanyua uso, akaniuliza, "Mumeo husumbuliwa na mawimbi? Maana atakapokuja kukuona sharti achague mashua ya mwezi Mei; ile ya Aprili huwatapisha hata mabaharia." Kisha akaendelea na habari za mitungi ya gesi. Sikupewa pongezi, wala sikupewa hotuba juu ya uvumilivu, wala hakuniambia kuwa yeye binafsi hana tatizo na watu kama mimi, maneno ambayo nimeyasikia kwingine na ambayo, hata yakisemwa kwa nia njema, humwonyesha mtu kuwa shauri lake limepelekwa barazani likapigiwa kura. Alimpangia mume wangu safari. Tangu saa ile nikawa mtu wa pale.

Kilichofuata sikukitarajia. Nilidhani kwamba kukubaliwa kutanipa furaha, na furaha ilikuja. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kulinirudishia macho na masikio. Katika visiwa hivyo wako ndege wa bahari waitwao shiawota wa Manx, weusi mgongoni na weupe tumboni, ambao zaidi ya nusu yao ulimwenguni huzaliana Skomer, Skokholm na visiwa vya jirani. Miguu yao imewekwa nyuma mno, hata nchi kavu hawawezi kutembea ila kwa kujikokota, kwa hiyo mchana hukaa baharini au mashimoni, na hurudi nchini usiku wa giza ili shakwe wakubwa wasiwaue. Hutaga yai moja tu. Dume na jike hupokezana kulilalia kwa siku kadhaa kadhaa, mmoja akiwa chini ya ardhi na mwingine mamia ya maili baharini, kwa muda wa siku hamsini hivi. Kisha majira yakigeuka huvuka bahari yote kwenda kukaa kusini, mbele ya pwani za Brazil na Argentina. Usiku wa kwanza wa mwezi mchanga, walipoanza kuja kwa maelfu wakilia kilio kile cha kukwaruza ambacho kimewatia watu wengi hofu ya majini, nilikaa nje mpaka karibu na alfajiri, na nilipoingia ndani nilitambua kuwa kwa saa zote hizo sikuwa nimemfikiria mtu yeyote anayenifikiria.

Wenzangu walinifundisha jinsi ya kuwahesabu. Kwa kuwa ndege hawaonekani mchana, mtu hupiga magoti mbele ya shimo, hucheza mlio wa ndege uliorekodiwa, na husikiliza kama kuna ajibuye kutoka chini. Ila si kila aliyemo hujibu. Huenda mlio uliochezwa ni wa dume na aliyelalia yai ni jike, au ndege ameamua tu kunyamaza. Kwa sababu hiyo yapo mashimo maalumu ambayo walinzi wanajua kwa yakini kuwa yana ndege, na kwa hayo hupimwa ni wangapi hujibu na ni wangapi hunyamaza, kisha hesabu ya kisiwa chote husahihishwa. Anayehesabu majibu peke yake atatoa taarifa kwamba kisiwa kina ndege wachache kuliko waliomo. Nimekutana na wakuu wa idara za uhifadhi, watu waungwana, ambao wamenihakikishia kuwa katika watumishi wao mamia hayumo hata mmoja apendaye wa jinsia yake, maana hawajamsikia. Mbele ya shimo la ndege wasingekubali hesabu ya namna hiyo.

Elimu ya viumbe yenyewe imewahi kuumizwa na macho yanayoogopa kuona. Daktari George Murray Levick, aliyekuwa katika msafara wa Scott wa kwenda Ncha ya Kusini, alikaa na pengwini wa Adélie huko Cape Adare baina ya mwaka 1911 na 1912, akaona madume wakipandana na mengine yaliyomtisha zaidi. Alipoyaandika katika daftari lake, sehemu nyingine aliziandika kwa herufi za Kiyunani ili msomaji wa kawaida asizielewe. Na alipotoa kitabu chake, hayakuwamo. Kijitabu kilichoyaeleza kilichapwa nakala mia, kikapewa wataalamu wachache, na hakikuwafikia watu wote mpaka mwaka 2012. Kwa karibu karne nzima wachunguzi wa pengwini walikuwa wakianza upya jambo ambalo mwenzao alikwisha kuliona.

Habari ya albatrosi wa Laysan ina faida zaidi, kwa kuwa inagusa hesabu. Katika ndege hao dume na jike hawatofautiki kwa sura, na kwa muda mrefu watu walipowaona wawili wakijenga kiota pamoja waliwaandika kuwa ni dume na jike, bila ya kuuliza. Huko Kaena Point, katika kisiwa cha Oahu cha Hawaii, wachunguzi walipopima damu na manyoya ili kujua jinsia ya kila mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2008, ilidhihiri kwamba jozi 31 katika kila 100 zilikuwa za majike wawili, waliokuwa wakilea kifaranga pamoja kwa sababu majike walikuwa wengi kuliko madume. Jambo hili si la kuchekesha wala la kushangilia. Ni la kuandikwa vizuri, kwa maana anayepanga kuokoa ndege kwa kudhani kuwa kila jozi ni ya dume na jike ataikosea idadi ya madume, ataikosea idadi ya mayai yatakayoanguliwa, na mpango wake wote utasimama juu ya dhana.

Hata hivyo mimi sipendi hoja ya wale wanaotaka kututetea kwa kuwaleta wanyama mahakamani. Mwaka 2017, ilipoenea picha ya simba wawili madume wa Maasai Mara waliopandana, mkuu wa bodi ya filamu ya Kenya alisema huenda wanyama hao wameiga kwa watu waliokwenda mbugani wakafanya machafu. Na upande wa pili wakainuka watu kusema, tazameni, simba hufanya, basi ni halali. Pande zote mbili ziliniudhi, kwani zote mbili ziliacha kumtazama simba. Simba huua watoto wa mwenzake na hakuna amfanyaye kuwa mwalimu wa malezi. Utu wangu haungoji ushahidi wa simba wala wa albatrosi. Nao hawastahili kutwishwa kesi zetu. Mlinzi wajibu wake ni kuandika alichokiona kama alivyokiona, na utetezi wa wanaadamu aufanye kwa lugha ya wanaadamu: haki, huruma, na ukweli wa kauli.

Wala si kweli kwamba mashirika ya huko yamekwisha kuimaliza njia. Mwaka 2017, National Trust ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50 ya ile sheria ya mwaka 1967, iliwataka wahudumu wa kujitolea wa Felbrigg Hall, katika Norfolk, wavae alama za rangi za upinde wa mvua. Baadhi yao wakakataa, wakaambiwa wasihudumie wageni. Kisha shirika likageuza shauri na kuwaachia hiari. Palikuwa na makelele mengi magazetini. Hukumu yangu ni kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia njema, lakini alama iliyolazimishwa kifuani haimkaribishi mtu yeyote; inamwambia tu mgeni kuwa mvaaji ametii. Mkuu wangu wa kisiwa hakuvaa alama, na mume wangu alipata mashua.

Kwa upande mwingine, asidhani mtu kuwa moyo mwema wa mkubwa mmoja unatosha pasipo sheria. Katika Marekani, amri aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1953 ilifungua mlango wa kuwafukuza wapenzi wa jinsia moja katika utumishi wote wa serikali, na mwaka 1957 ikamwangukia Frank Kameny, mtaalamu wa nyota mwenye udaktari wa Harvard, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya ramani ya jeshi. Serikali ilikuwa na macho yaliyofunzwa kusoma mbingu, ikayatupa. Kameny alipigana mahakamani akashindwa, akaendelea kupigana nje ya mahakama, na katika mwaka 2009 serikali ile ikamwomba radhi akiwa mzee. Miaka saba baadaye, Juni 2016, Rais Obama aliitangaza Stonewall, mahali katika jiji la New York ambako mwaka 1969 watu walikataa kuonewa na polisi, kuwa mnara wa taifa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, ukatunzwa na askari wa sare ileile ya wailindao Yellowstone. Na Februari ya mwaka 2025 idara hiyohiyo ikafuta katika maelezo yake ya mahali pale maneno yanayowataja watu waliobadili jinsia. Aliyekaribishwa leo aweza kesho kukuta jina lake limepanguswa. Kwa hiyo nashukuru kuwa fomu yangu ina ulinzi wa sheria nyuma yake.

Kuna na jambo la rangi, ambalo nikilipita kimya sitakuwa nimesema kweli yote. Mashambani mwa Uingereza mtu mweusi mwenye darubini shingoni hutazamwa, mara nyingine kwa mshangao tu, mara nyingine kwa shaka. Christian Cooper, Mmarekani mweusi asiyeficha kuwa anapenda wanaume na mpenzi mkubwa wa ndege, alikuwa akiwatazama katika Central Park ya New York asubuhi ya Mei 25, 2020, alipomwomba mwanamke mmoja amfunge mbwa wake kama kanuni ya mahali pale itakavyo, na mwanamke yule akawapigia polisi kudai kuwa mtu mweusi anamtishia. Ilikuwa siku ileile aliyouawa George Floyd huko Minneapolis. Cooper hakuacha ndege zake. Mwaka 2023 alitoa kitabu na kuongoza kipindi cha televisheni juu yao. Kwangu mimi habari yake ilikuwa onyo na faraja pamoja: mtu huweza kukubaliwa kwa upande mmoja wa nafsi yake na kukataliwa kwa mwingine, katika njia moja ya bustani moja. Kisiwani kwangu nilikubaliwa pande zote. Bandarini, maili chache tu, si siku zote.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wa pwani yetu walio katika kazi hii sasa: wahesabuo kasa wanaotaga fukweni usiku, wapandao mikoko Rufiji, walindao miamba ya matumbawe ya Kisite. Wamo kati yao ambao jioni hii wanamlea shemeji asiyekuwapo. Siwashauri wajidhihirishe, mwenye kuwashauri hivyo akiwa mbali, salama chini ya sheria nyingine, hawatakii heri. Ninaosema nao ni wakubwa wao, wapangao zamu na kambi. Hawa wanaweza kukataa kumwondoa mtu kazini kwa uvumi. Wanaweza kumchagulia mtu wenzi wa doria wasiopenda kuchimba maisha ya watu. Wanaweza kukata mzaha wa motoni unapoanza kumwelekea asiyeoa, kama wanavyoukata unapogusa kabila la mtu. Na ile fomu ya ajali iwe na nafasi ya jina na namba ya simu tu, bila ya kuuliza huyo ni nani wako. Badiliko hilo halingojei Bunge, lataka karani mmoja na karatasi mpya, na laweza kufanywa kabla ya zamu ijayo kuondoka.